Re: Kanisa letu dogo Chake Chake, tuweke mlinzi mwenye silaha?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama mkodi mlinzi wa bunduki kabla ya Krismasi, na kama sheria inakulindeni mkiwa wachache.

Sheria inakulindeni. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na haiangalii wingi wa watu.

Bunduki mimi singeanza nayo. Hofu yako naielewa, khasa kwa tuliokuwepo Unguja miaka ile. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali akiwa mazoezini alfajiri. Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi akielekea kusalisha Beit el-Raas. Sheikh na padri, ndani ya miezi michache! Uchungu ule ulikuwa wetu sote.

Nenda kwa sheha wako, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, mapema, kabla ya wiki ya sikukuu, umpe saa za ibada. Mwambie na imamu wa msikiti wa jirani. Kisha polisi, muombe askari wa doria usiku wa mkesha. Taa ya nje iwake, na mlangoni wakae vijana wenu wawili wanaojua sura za watu. Jirani anayeuza urojo hapo nje naye atamuona mgeni kabla yenu.

Kwetu Mkunazini kanisa kuu la Anglikana na msikiti vinatazamana kwa hatua chache tu, na adhana na kengele tumezizoea toka utotoni.

Sheha akikuzungusha, niandikie hapa.