Kabla hujairestati Redis, jiulize itasoma faili gani

Wiki hii nimeona tena. Kijana amepata kosa la MISCONF: Redis, hifadhidata inayoweka data yake memorini, inakataa kuandika kwa sababu BGSAVE, amri ya kuhifadhi data hiyo diskini, imeshindwa. Akatafuta mtandaoni, akapata mstari mmoja, akaubandika: `CONFIG SET stop-writes-on-bgsave-error no`, yaani endelea kupokea data hata kama kuhifadhi kumeshindwa. Kosa likapotea, akaenda kunywa chai. Seva ikakaa siku mbili ikipokea data bila kuhifadhi chochote diskini. Tulipokuja kuangalia, diski ilikuwa imejaa logi tu, kitu cha kusafisha kwa dakika tano. Ni mara ya tatu mwaka huu, na kila mara ni mtu mwingine. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kaeni kidogo niwaambie.

1. Redis ikigoma kuandika, inakulinda. Piga `df -h` uone nafasi ya diski, soma logi, angalia memori. Ulinzi usiuguse.

2. Jueni BGSAVE inafanya nini. Redis inazaa mchakato mtoto kwa fork. Mtoto anaandika data ilivyokuwa wakati ule, mzazi anaendelea kuhudumia wateja. Wanatumia kurasa zilezile za memori, za kilobaiti 4 kila mmoja, na mzazi akitaka kubadilisha ukurasa, keneli inaunakili kwanza. Ndiyo maana RAM ya gigabaiti 32 haibebi kwa amani data ya gigabaiti 28: maandishi yakiwa mengi wakati wa kuhifadhi, nakala zinapanda hadi seva inaishiwa. Wekeni `vm.overcommit_memory` iwe 1, keneli isikatae fork kwa hofu ya memori. Zimeni `transparent_hugepage`, maana ikiwaka ukurasa unaweza kuwa wa megabaiti 2, na kugusa baiti moja kunanakili zote. Na SAVE tupu, bila BG, msiipige mchana. Inasimamisha kila mteja hadi imalize.

3. Kuwasha AOF, logi ya mabadiliko ya Redis. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Ilikuwa Redis 5, seva moja isiyo na replika (seva ya pili inayoinakili), gigabaiti 22, funguo zaidi ya milioni 30. Zilikuwa pointi za wateja wa kampuni niliyokuwa naifanyia kazi Dar es Salaam. Tulitegemea RDB peke yake, ile picha ya data yote inayohifadhiwa mara kwa mara kwenye faili la dump.rdb, kwa hiyo umeme ukikatika vibaya tunapoteza dakika kadhaa za pointi. AOF inaandika kila badiliko, na kwa `appendfsync everysec` unapoteza kama sekunde moja. Wazo langu lilikuwa sahihi. Saa tano usiku nikafungua redis.conf, nikageuza `appendonly no`, swichi ya AOF, kuwa `yes`, nikarestati.

Ikaamka haraka mno. Siku zote ilichukua dakika tatu hivi kupakia. Usiku ule, sekunde moja. Nilifurahi, na nilipaswa kushtuka. Nikapiga DBSIZE, amri ya kuhesabu funguo. Ikajibu 114.

AOF ikiwa imewashwa, Redis ile ikiamka husoma AOF tu, dump.rdb haiiangalii. AOF haikuwepo bado, kwa hiyo ikaanza mtupu. Lakini data ilikuwa salama! Ilipokuwa inazima ilikuwa imehifadhi kila kitu, na dump.rdb ya gigabaiti 9 ilikuwa palepale /var/lib/redis. `cp` moja ingetosha. Mikono inatetemeka, nikajiambia imeanza vibaya, niirestati tena. Nikarestati. Redis ikiambiwa izime huku konfigi ina mistari ya `save`, kwanza huhifadhi ilichonacho memorini, na ilichokuwa nacho ni zile funguo chache zilizoingia ndani ya dakika moja. Ikaandika faili la muda, ikalipa jina la dump.rdb, likakaa mahali pa lile la gigabaiti 9. Nikapiga `ls -lh`. Jicho lilitafuta G, likakuta 18K.

Nilikaa dakika 40 bila kumwambia mtu. Hizo zinaniuma kuliko faili lenyewe. Katika dakika hizo wateja walikuwa wanaona sifuri, wengine wakaanza kukusanya upya juu ya sifuri, na baadaye tulihangaika sana kutenganisha za zamani na mpya. Dada wa zamu niliyempigia hakunigombeza. Aliuliza tu, "Bakapu ya mwisho ya lini?" Ya siku 6 nyuma. Tulikesha siku tatu tukizijenga siku hizo kutoka kwenye miamala ya MySQL, na bado pointi za promosheni hazikurudi, kwa sababu hazikuwa zimeandikwa popote nje ya Redis. Watu walipoteza vitu vyao kwa mkono wangu.

Njia yenyewe ni hii: nakili dump.rdb nje ya seva. Redis ikiwa hai, piga `CONFIG SET appendonly yes`. Subiri `aof_rewrite_in_progress` irudi 0 kwenye INFO, `aof_last_bgrewrite_status` iseme ok, na ulione faili la AOF lina uzito. Ndipo `CONFIG REWRITE`, iandikwe kwenye redis.conf. Na ukiikuta tupu, usiizime kwa kawaida: nakili dump.rdb, halafu `SHUTDOWN NOSAVE`, izime bila kuhifadhi. Halafu piga simu, hata kama ni saa nane usiku.

4. Replika si bakapu. Mkuu wake akiamka mtupu, nayo hujifuta ikamfuata.

5. Redis inayopakia hujibu LOADING. Kama mmeiambia Kubernetes, mfumo unaosimamia na kurestati programu zenu, iiue isipojibu PING kwa PONG ndani ya sekunde 30, itaiua kila mara kabla haijamaliza kupakia.

6. `head -c 9 dump.rdb` inaonyesha toleo la faili. Ukiona REDIS0009, ni la Redis 5 au 6. Redis 7 huandika 0010 kwenda juu, na 6 inalikataa, kwa hiyo msipandishe toleo bila nakala ya zamani.

7. Ijumaa hii kila mmoja achukue dump ya jana, aipitishe kwenye `redis-check-rdb` ikaguliwe kama ni nzima, kisha aipakie kwenye seva ya majaribio. Nileteeni namba mbili: dakika ilizochukua, na DBSIZE. Nitawasubiri hadi jioni, na atakayekwama anipigie, sitamgombeza.