Kabla ya kuongeza kilo, tazama saa

Mwezi wangu wa tatu kwenye vyuma nilibanwa kifuani na chuma cha kilo 60. Nilikuwa nimesikia habari za Vince Gironda, kocha wa North Hollywood aliyewanoa watunisha misuli wengi wa California, akiwemo Larry Scott, bingwa wa kwanza wa Mr. Olympia mwaka 1965. Mpango wake: seti 8 (seti ni mfululizo wa kunyanyua bila kupumzika), kila seti mara 8, mapumziko kati ya seti sekunde 15. Nikaona njia ya mkato ndiyo hiyo. Nikalala benchini na uzito ambao siku zote nilikuwa naupumzikia dakika tatu nzima. Seti ya nne haikufika popote. Mwenzangu ndiye aliyeninasua, huku anacheka.

Gironda hana kosa. Mimi ndiye niliyechukua nusu ya somo. Nane kwa nane yake ilikuwa ya watu waliokwisha iva, kwa uzito wa wastani, na hata wao walianzia sekunde 30 hivi wakishuka kidogo kidogo. Piga hesabu: kama seti moja inakula sekunde 20, na unapumzika 15, zoezi zima linaisha kabla ya dakika tano, na umeshanyanyua mara 64! Hapo pumzi inakata kabla ya nguvu. Maendeleo yenyewe yanapimwa kwa saa: kilo zinabaki zilezile, sekunde zinapungua.

Sasa mtazame Reg Park wa Leeds, Uingereza, aliyetwaa Mr. Universe mwaka 1951, 1958 na 1965, na ambaye Arnold Schwarzenegger alimhusudu tangu ujanani. Yeye alipiga seti 5 za mara 5: mbili za kupasha misuli moto, tatu za uzito mkubwa uleule, na kati ya hizo tatu alishauri dakika 3 hadi 5. Wote wawili ni wa zamani, wote walijenga miili, ila kila mmoja alikuwa anatafuta kitu chake. Kwa hiyo mtu akikwambia "wazee walipumzika hivi", muulize wazee gani.

Sababu ya uzito mkubwa kudai mapumziko marefu iko ndani ya msuli. Nguvu ya ghafla inatokana na akiba ya kreatini fosfeti, ambayo seti nzito huimaliza haraka. Sekunde 30 hurudisha kama nusu yake. Sehemu kubwa hurudi ndani ya dakika tatu. Mwaka 2016 mtafiti Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha utafiti wa wiki 8 kwa vijana waliozoea vyuma: waliopumzika dakika 3 waliongeza nguvu na unene wa misuli kuliko wa dakika 1. Sisi tuliolelewa na msemo wa "usikae, misuli itapoa" ilituuma kidogo.

Ushauri wangu, basi. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi na kunyanyua kutoka sakafuni, mpe mwili dakika tatu. Mikono, mabega ya pembeni na mashavu ya miguu, dakika moja inatosha. Usilale chini, tembea, nyoosha viganja, piga funda la maji.

Simu iache kwenye begi. Ukiishika kujibu ujumbe mmoja, dakika mbili zinakuwa saba na hujui zimekwenda wapi. Dawa ya zamani ni mwenza. Arnold na Franco Columbu walikuwa wakifanya hivyo Gold's Gym ya Venice, California, mmoja akishusha mwingine anadaka. Uani kwetu tulikuwa watatu kwa chuma kimoja, uzito wake makopo ya saruji, na mapumziko yalijipanga yenyewe: wenzako wawili wakimaliza, zamu yako. Tafuta tu mwenza mnayelingana nguvu, la sivyo mtashinda mnavua na kuvalisha makopo.

Na kwenye daftari andika vitu vitatu: kilo, mara, sekunde. Wengi huandika viwili vya kwanza tu. Wiki iliyopita ulipiga kilo 50 mara 8 kwa mapumziko ya dakika mbili. Leo umepiga mara 10, lakini ulipumzika dakika sita ukipiga soga. Hizo mbili za nyongeza usizishangilie bado. Rudia Alhamisi, kwa dakika mbili zilezile.