Paka wako jike analia usiku kucha? Soma kabla hujamchoma sindano

Juzi dada mmoja kaniandikia. Paka wake wa miezi sita analia usiku kucha, anagaagaa sakafuni, akiguswa mgongo anabinua makalio na kupeleka mkia pembeni. Mama mkwe anasema ni jini. Duka la dawa za mifugo wamemwambia ipo sindano ya kumtuliza. Achome?

Dada, usichome. Na jini hamna, paka anataka dume.

Hayo yote nimeyapitia na paka wangu Kashata hapa Tanga. Mashume wa mtaa mzima walijipanga ukutani, wanapigana na kukojolea mlango, nami ndani nimefunga madirisha na joto la Februari. Jirani mmoja alitangaza mtaani kwamba namtesa mnyama, ndiyo maana analia. Maneno yale sijayasahau. Mwingine alinishauri nimwache azae mara moja, atatulia. Atatulia wapi? Mimba ni kama siku 63 hadi 65, na anaweza kurudi kwenye joto, yaani hali hii ya kutaka dume, hata wanawe hawajaacha ziwa.

Kinachomliza ni homoni ya estrojeni inayotoka kwenye ovari mayai yakikomaa. Wapo wanaoanza na miezi minne tu. Joto huchukua kama wiki moja, na asipopandwa hupumzika wiki moja au mbili hivi, kisha anaanza upya. Kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe. Uume wa dume una vijimiba, na msuguano wake ndio unaoamsha ubongo umwage homoni ya kulitoa yai, siku moja au mbili baadaye. Akipandwa na madume kadhaa, mzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, basi usishangae rangi za watoto. Ulaya mchana ukifupika wakati wa baridi, paka wengi hupumzika kwa miezi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo kelele zinaweza kwenda mwaka mzima.

Sindano wanayokuuzia ni homoni ya jamii ya projesteroni. Joto inalizima kweli, sibishi. Lakini inaweza kujaza usaha kwenye mji wa mimba, kuvimbisha matiti, kuleta kisukari na kuongeza hatari ya saratani ya matiti. Na uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani hasa, si wa kupuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kufunga kizazi, yaani kutoa ovari kwa upasuaji, kabla ya miezi sita kunapunguza hatari hiyo kwa asilimia 91. Wewe wa kwako ndio kwanza ana sita, unangoja nini?

Kashata nilimpeleka joto lilipopoa, kwa sababu likiwa limepanda mishipa ya kizazi hujaa damu na upasuaji huwa mgumu. Nilitafuta daktari aliyezoea paka, maana wengi mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi. Leo wale wale walionicheka wanakuja kwangu na paka kwenye vikapu, "shoga, yule daktari wako yuko wapi?" Nawaelekeza. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Nasema tena: anayefuga paka jike na hana mpango wa kizazi chake, anawafugia majalala. Watoto wanaotupwa sokoni kwenye maboksi wametoka kwenye nyumba zetu hizi hizi, na tunazijua.

Akishafungwa, hamu ya kula itapanda na matumizi ya mwili yatashuka, kwa hiyo pima chakula. Akirudia kulia na kubinua makalio, huenda kipande cha ovari kimebaki, mrudishe. Na ambaye hajafungwa, ukimwona anatoa usaha au damu, anakunywa maji kupita kiasi na hataki kula, mpeleke siku hiyo hiyo.

Dawa ya maumivu upewe na daktari. Parasetamoli, hata ile ya watoto, usimpe kabisa, paka inamuua.