Kila mwembe nusu bomba, ni sawa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miembe huku Mkuranga, 30 mikubwa ya zamani na 50 ya kubebeshwa ambayo haijafika hata mita 2, sasa ubwiri unga, huu ugonjwa wa ukungu mweupe, unanimalizia maua kila msimu. Kijana wangu anapiga salfa kwa bomba la mgongoni la lita 16, nusu bomba kila mti. Midogo inachuruzika mpaka chini panalowa, ila mikubwa kule juu maua bado yana unga mweupe. Niongeze ukali wa dawa? – Msomaji, Mkuranga

JIBU: Marahaba. Ukali usiuguse kabisa, tatizo lako ni maji yamegawanywa vibaya. Mwembe wa mita 4 ukiwa na umbo lilelile la ule wa mita 2, sehemu ya nje ya kulowesha ni mara 4 yake na ujazo wa matawi ni mara 8, sasa hiyo nusu bomba kwa wote inatoka wapi jamani?

Fanya hivi: jaza bomba maji matupu, piga mti mmoja mkubwa mpaka majani yanaanza tu kudondosha, hapohapo acha, angalia yamepungua lita ngapi, kisha rudia kwa mdogo. Tuseme mkubwa umekunywa lita 9 na mdogo lita moja na nusu, basi shamba zima ni 270 jumlisha 75, yaani lita 345, kama mabomba 22. Hapo unajua ununue salfa kiasi gani, na msimu ujao unapima tena maana miti inakua.

Halafu soma lebo vizuri. Ikisema mfano gramu 40 kwa lita 20, bomba lako la 16 linataka gramu 32, na wengi hapa ndo wanazidisha bila kujua. Ikiandika kwa ekari, ni hesabu nyingine, dawa ya ekari moja unaizidisha kwa ekari ulizonazo, kisha unaigawa kwenye maji yote uliyopima.

Ila kwa kileleni, kama mchirizi haufiki hata ungemwaga pipa zima ni kazi bure, tafuta mpira mrefu na fimbo ndefu ya kupulizia, na ukishavuna punguza matawi ya katikati na urefu. Piga asubuhi upepo ukiwa umetulia, salfa kwenye jua kali inaunguza. Na nozo je, ile ncha inayotoa dawa, ni ya lini? Kinga maji yake kwenye jagi kwa dakika moja, yakizidi ya nozo mpya kwa asilimia 10 itupe.