Jibu: Bingwa wa marathoni kushika kipaza sauti

Ndugu, umeuliza kama bingwa wa marathoni akistaafu anaweza kweli kutangaza na kuhamasisha watu, au ni jina tu linalombeba. Jina humfungulia mlango, basi. Mtazame Paula Radcliffe wa Uingereza: kwenye marathoni ya London 2003 alikimbia kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu miaka 16 hadi Brigid Kosgei alipoivunja Chicago. Baadaye akawa mchambuzi BBC. Aliyepitia njia hiyo ana jicho: mabega yakipanda na hatua zikifupika kilomita ya 35, anajua mkimbiaji kaisha kabla saa haijasema.

Jukwaani, kwenye kuhamasisha watu, ndiko kugumu, kwa maoni yangu. Wasikilizaji medali wameshaiona. Wanataka kusikia Olimpiki ya Athens 2004, Paula alipoacha mbio akakaa kando ya barabara analia.