Wiki moja haitoshi kupandisha boti unaloishi, na rangi usiianze kwanza

Mkuu umeuliza mambo mawili, kama wiki moja inatosha kupandisha boti la tanga nchi kavu upige rangi ya chini, ile ya kuzuia mwani na viumbe visishike, urudi majini, na kama nyie na mtoto mnaweza kuendelea kulala ndani likiwa juu ya stendi. Mimi na mke wangu tunaishi kwenye boti la faiba la futi 36, mwaka wa sita huu, tumelipandisha mara tatu, na hii ya mwisho nilipanga siku nane tukakaa 37. Mafundi wa yadi sina neno nao kabisa, walifanya kazi nzuri. Kosa lilikuwa mpangilio wangu, nilianza na rangi wakati rangi ndo ilitakiwa ije mwisho.

Kwenye kunyanyua sitakaa sana. Wape picha ya boti lako likiwa nje ya maji, wajue mkuku, ule uti wa chini ya boti, umekaa wapi na rafadha, ile panga inayosukuma boti, iko wapi, maana mkanda wa kunyanyulia ukipita kwenye shafti ya rafadha au kwenye usukani, ule ubapa wa chini nyuma unaogeuza boti, unapinda kitu cha gharama. Mikanda ikishakaa vizuri weka alama ubavuni, pande zote mbili, zitakusaidia siku ya kushuka. Na likitoka tu majini lipigwe maji ya presha hapohapo, mwani na vile vikombe vya chokaa vikishakauka vinang'ang'ania kama saruji.

Sasa sikiliza hili. Siku ya nne nilishapiga rangi mikono miwili, niko chini namalizia kwenye mkuku, mke wangu yuko ndani anasafisha kabati la chini ya sinki, akajaribu kufunga valvu ya bomba linalotoa maji nje. Akaniita. Nikakuta ameshika mkononi ile valvu na kipande cha shingo yake, haikuvunjwa kwa nguvu, aliizungusha kawaida tu ikaachia. Pale ilipokatikia rangi yake ilikuwa ya waridi, imepauka, ukikwaruza na ukucha inamegeka kama tofali bichi. Ile ilikuwa brasi. Brasi ni shaba na zinki, maji ya chumvi yanakula zinki taratibu inabaki shaba yenye vitundu isiyo na nguvu, na kwa nje bado inaonekana nzima. Tundu lile lilikuwa la inchi moja na nusu, karibu futi mbili chini ya usawa wa maji. Lingeachia tukiwa tunaelea, tena usiku, yangeingia zaidi ya lita 100 kwa dakika na pampu yetu isingefua dafu. Mke wangu alikaa chini akanyamaza muda mrefu, na mimi pia sikuwa na la kusema.

Nikachukua nyundo ndogo nikagonga valvu zote sita za boti, moja moja. Nzima inalia, mbovu inatoa sauti ya kufa. Nyingine mbili zikawa mbovu. Tukatoa zote sita tukaweka za bronzi, maana sikutaka kulala tena juu ya kitu ninachokitilia shaka, na kila tulipochimba ikabidi rangi ile mpya ikwanguliwe. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua hata kopo, zungukia kila tundu lililoko chini ya maji, gonga, fungua, funga, bana mipira yake kwa vidole uone kama imekauka.

Usukani ndo uliokula siku nyingi. Niliona unatoa tone la maji ya kahawia chini kabisa, asubuhi tone, jioni tone, siku tatu boti liko juu na bado unatoa. Watu watakwambia kila usukani unaingiza maji, na ni kweli mwingi unaingiza, ila ile kahawia ni kutu, na kutu inatoka kwenye chuma kilichofichwa ndani. Hata chuma cha pua kikikaa kwenye maji yaliyotuama yasiyo na hewa kinaliwa. Tukaufungua upande mmoja, povu la ndani limelowa unalikamua kama sponji, na kiungo kimoja cha chuma kimepasuka karibu nusu. Kuchomelea ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kukausha kulichukua wiki mbili na nusu, hapo hakuna njia ya mkato, ukifunga faiba juu ya unyevu kazi yote itabanduka. Afadhali basi, usukani ulivyokuwa umeshuka shafti ikatoka kirahisi, tukabadilisha na beringi yake ya mpira iliyokuwa inacheza, na zinki zote, vile vipande vinavyofungwa nje ya boti viliwe na maji ya chumvi badala ya vyuma vingine, maana zilibaki chini ya nusu. Zinki usizipake rangi kabisa, ukizipaka hazifanyi kazi.

Kuhusu kulala ndani, mnaweza, ila mtoto mngempeleka kwa ndugu siku za msasa. Vumbi la ile rangi lina shaba na ni sumu, piga msasa wa maji, vaa barakoa, funga madirisha yote. Sinki na choo havitumiki, kila kitu ni ndoo na kushuka ngazi hata saa tisa usiku, kwa hiyo ngazi ifungwe juu kwa kamba isiteleze. Friji kama inapozwa na maji ya bahari zima. Matanga yashushwe yote, upepo ukilipata tanga lililokunjwa mbele boti linatikisika mpaka stendi zinacheza, na stendi za pande mbili ziwe zimefungwa kwa mnyororo. Turubai usifunge kwenye stendi, na stendi usiisogeze mwenyewe hata kama imekaa pale unapotaka kupaka, waite wenye yadi.

Hela, ukishapiga hesabu yako weka nyingine kama hiyo pembeni. Mimi nilizidi hapo kidogo.

Siku ya kushuka waombe wakuache kwenye mikanda boti likiwa limeshagusa maji, kabla hawajaachia. Ingia ndani na tochi, pitia kila valvu na pale shafti inapotokea, pitisha na kidole, maji machache hayaonekani kwa macho. Sisi tulikaa hivyo kama nusu saa, wale jamaa walivumilia. Usiku ule niliamka saa nane nikanyanyua ubao wa sakafu nikamulika kwenye ngama, chini kabisa ambako maji hukusanyika, kukavu. Mke wangu akauliza vipi, nikamwambia kukavu, naye akashuka akapitisha mkono mwenyewe.