Maji Yavuja Chini ya Kilele cha Kanisa

SWALI: Kanisa letu la Kayole lina mnara wa mawe. Juu yake kuna kilele cha mbao na mabati, kilichoketi nyuma ya ukingo wa mawe. Kila masika maji hupenya pale kilele kinapokutana na mnara. Fundi amepaka lami mara mbili, bado panavuja. Wazee wanataka kilele kibomolewe. Ni lazima?

JIBU: Msikibomoe bado. Shida iko kwenye kiungio, na lami haitawahi kuitibu. Bati la mita 3 likiongezewa joto la nyuzi 40 hurefuka karibu milimita moja na nusu, na usiku hurudi lilivyokuwa. Ukuta wa mawe hausogei hivyo. Lami iliyokauka huvutwa kila siku hadi ipasuke, na kule juu upepo husukuma mvua ndani ya ufa wowote.

Bandueni lami yote. Mfereji wa nyuma ya ukingo utandikwe bati linalopanda ukutani milimita 150, na upande wa pili lipite chini ya mabati ya kilele. Kisha ukutani ukatwe mfuo wa kina cha milimita 25, uchomekwe ukanda wa bati unaoshuka kufunika lile la mfereji. Ukanda ushikwe juu tu. Ukipigiliwa misumari na chini pia, mtarudi palepale. Wekeni matundu mawili ya kutolea maji, maana njiwa wakiziba moja kwa kiota, mfereji hujaa na kumwagikia ndani.

Bati likiwa limefunuliwa, chomeni boriti kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, boriti hiyo imeoza, ibadilishwe kwa mbao zilizokauka vizuri. Tafadhali msikubali mbao mbichi: kilele cha kanisa la Chesterfield, Uingereza, kimejisokota na kuinama, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni mbao mbichi zilizobebeshwa mabamba mazito ya madini ya risasi.

Kazi hii ifanywe juu ya jukwaa lililofungwa imara, kamwe si kwa ngazi iliyoegemezwa.

Kagueni pia waya wa radi. Ukiwa wa shaba na unapita juu ya mabati, maji yanayotiririka kutoka kwake hula zinki inayolinda bati, nalo hutoboka mapema. Sehemu ya juu itumie aluminiamu. Shaba ianzie chini ya mabati, kwa kiunganishi maalumu cha metali hizo mbili, hadi ardhini.